Bastola Ndogo Katika Kasha la Kioo

Mwezi Juni mwaka 2022 tulialikwa akina mama wanne wa parokia yetu ya Dodoma kwenda Vienna, mji mkuu wa Austria. Parokia moja ya huko imekuwa na urafiki na parokia yetu kwa miaka mingi, na mara hii walitaka kuonana uso kwa uso na akina mama ambao walikuwa wakiandikiana nao barua tu. Tulipokewa vizuri mno. Tulilala katika nyumba zao, tukasonga ugali katika majiko yao, na jioni tukasali rozari pamoja, wao kwa lugha yao na sisi kwa yetu.

Siku ya nne mwenyeji wetu, mama mtu mzima aliyefundisha historia shuleni kabla ya kustaafu, alituuliza tungependa kutembezwa wapi. Wenzangu wakataja Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano, na maduka. Akasema, "Huko tutakwenda. Lakini kuna kitu kimoja kidogo sana ambacho nadhani watu wa Afrika Mashariki mna haki ya kukiona." Tulicheka, tukidhani ni pete ya malkia au kito fulani. Kumbe ilikuwa ni bastola.

Kusema kweli nilitaka kukataa. Nyumbani kwetu nako kulikuwa na bastola, na habari zake nilikuwa nimezinyamazia kwa miaka mitatu. Nitazieleza mbele kidogo.

Majemadari 56

Makumbusho ya Historia ya Jeshi yako katika eneo liitwalo Arsenal, si mbali na kituo kikuu cha treni. Jengo lenyewe lilijengwa kati ya mwaka 1850 na 1856, baada ya watu wa Vienna kumwasi Kaisari mwaka 1848. Ni la matofali, lina minara na madirisha ya duara kwa juu, na mgeni akiliona kwa mbali anaweza kudhani ni kanisa.

Ukiingia tu unapokewa na sanamu 56 za marumaru, kila moja kimo cha mtu mzima. Wote ni majemadari wa vita. Mwenzangu mmoja alizunguka akiwatazama nyuso zao, kisha akaninong'oneza, "Hawa wote wamezaliwa na mama, lakini mama hata mmoja hakuwekwa."

Vyumba vimepangwa kufuata miaka. Tulianza na Vita vya Miaka Thelathini, vya mwaka 1618 hadi 1648, ambavyo Wakristo wa Ulaya waliuana wao kwa wao. Bastola za wakati ule zilikuwa ndefu na nzito, za kupakiwa kwa mdomo kama magobori ya wawindaji wetu. Askari wa farasi alikuwa na kigurudumu cha chuma ubavuni mwa bastola yake, akakikaza kwa ufunguo kama tunavyojaza saa ya mezani. Akivuta kifyatulio, kigurudumu kinazunguka kwa nguvu, kinasugua jiwe, cheche zinaruka, baruti inawaka. Baadaye likaja jiwe la gumegume linalopiga chuma, kisha fataki, kisha bastola yenye silinda inayozunguka na kubeba risasi sita au nane. Kila hatua ilikuwa na lengo moja, yaani mtu aweze kuua upesi zaidi na kwa kitu kidogo zaidi.

Nyingine katika silaha za kale zina mipini iliyochongwa na kunakshiwa kwa fedha na pembe. Zinapendeza machoni, na nilijilaumu kwa kupendezwa nazo. Fundi aliyezinakshi alikaa siku nyingi akiifanya kazi yake kwa uangalifu, kama vile mmoja wetu anavyodarizi kitambaa cha altare.

Kuna pia nyara zilizotekwa kwa Waturuki, kama hema kubwa la heshima, na muhuri wa Sultani uliochukuliwa katika mapigano ya Zenta mwaka 1697. Mwenyeji wetu alitueleza kwamba desturi hiyo haikuwa ya wafalme peke yao. Katika kila vita askari wa kawaida naye hutafuta kitu cha kurudi nacho nyumbani, na bastola ndiyo iliyopendwa kuliko vyote, kwa sababu inaingia katika mzigo. Katika Vita Kuu zote mbili askari wa Uingereza na Marekani walizitafuta sana bastola za Kijerumani za Luger. Ziliondolewa mikononi mwa mateka na katika miili ya waliokufa, zikavuka bahari, zikaishia katika madroo ya nguo na chini ya vitanda. "Zikaitwa kumbukumbu," alisema mwenyeji wetu.

Neno hilo lilinichoma. Ndilo hasa lililotumika nyumbani kwetu.

Chumba cha Sarajevo

Mwisho tukaingia katika chumba cha Sarajevo. Humo kuna gari kubwa la wazi la Gräf & Stift. Kuna koti la kijeshi la buluu hafifu, lina tundu karibu na ukosi, na limepasuliwa mbele na watu waliojaribu kumwokoa aliyelivaa. Kuna kochi alilolazwa akafia hapo. Na katika kasha la kioo kuna bastola.

Nilitegemea kuona kitu cha kutisha. Ni ndogo. Urefu wake ni kama sentimita 15, mwiko wangu wa ugali unaishinda mara mbili na zaidi. Uzito wake ni kama gramu 600, yaani nusu kilo ya sukari na kidogo juu yake. Ni nyeusi na haina nakshi yoyote. Ni Browning ya aina ya 1910. Aliyeibuni ni Mmarekani John Browning, na iliundwa katika kiwanda cha FN huko Herstal, Ubelgiji. Pande zake ni laini, kwa maana ilikusudiwa kubebwa mfukoni, isije ikakwama katika nguo wakati wa kuchomolewa.

Tarehe 28 Juni 1914 Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, alikuwa ziarani Sarajevo, mji wa Bosnia, pamoja na mkewe Sophie. Ndoa yao ilikuwa ya mapenzi, nayo iliwagharimu. Sophie alitoka katika ukoo wa heshima, lakini si wa kifalme. Ili aruhusiwe kumwoa, Franz Ferdinand alitakiwa kuapa kwamba mkewe hatakuwa malkia na watoto wao hawatarithi. Kiapo hicho alikitia saini tarehe 28 Juni 1900. Katika sherehe za ikulu Sophie hakuruhusiwa kutembea wala kuketi pamoja na mumewe. Miaka 14 baadaye, tarehe ileile, huko Sarajevo aliketi kando yake katika gari mbele ya watu wote.

Asubuhi ile kijana mmoja aliwatupia bomu. Liliruka juu ya gari, likalipuka nyuma na kujeruhi watu. Wao walisalimika. Baada ya kupokewa katika ukumbi wa mji, Franz Ferdinand alisema anataka kwenda hospitali kuwajulia hali majeruhi. Njia ikabadilishwa, lakini dereva hakuambiwa. Alikata kona isiyo yake, akaamriwa kusimama ili arudi nyuma. Pale gari liliposimama alikuwapo Gavrilo Princip, kijana wa miaka 19, na bastola hii mkononi. Alifyatua risasi mbili. Moja ilimpata Franz Ferdinand shingoni, na nyingine ilimpata Sophie tumboni.

Waliokuwa karibu walisimulia kwamba Franz Ferdinand, akiwa anakata roho, alimwita mkewe kwa jina la mahaba, akamsihi asife, aishi kwa ajili ya watoto wao. Sophie hakuitika. Watoto walikuwa watatu. Sophie mdogo alikuwa na miaka 12, Maximilian 11, na Ernst 10. Yule wa kike alipokuwa mama naye alikuja kufiwa na wana wawili kwa sababu ya Vita Kuu ya Pili. Wale wa kiume walifungwa na Wanazi katika kambi ya Dachau mwaka 1938.

Princip naye alikuwa na mama. Gavrilo kwa lugha yao ndilo jina la Gabrieli. Mama yake, mwanamke wa kijijini, alizaa watoto tisa, na sita kati yao walikufa wachanga. Huyu alikuwa mmoja wa watatu waliobaki. Kwa kuwa alikuwa hajatimiza miaka 20, sheria haikuruhusu anyongwe. Alihukumiwa kifungo cha miaka 20, akafa gerezani kwa kifua kikuu mwezi Aprili 1918. Mahakamani alisema hakukusudia kumwua Sophie, na kwamba risasi ile ilikuwa ya gavana aliyekuwa ndani ya gari. Lakini risasi ikishatoka haimwulizi mtu jina.

Padre aliyeihifadhi

Sehemu iliyonigusa zaidi ni jinsi bastola hiyo ilivyofika pale. Padre Anton Puntigam, Mjesuiti aliyekuwa akifanya kazi Sarajevo, ndiye aliyewapaka mafuta matakatifu wale wawili. Baadaye alipata bastola na vitu vingine vya siku ile, akavitunza. Nia yake ilikuwa kuanzisha makumbusho ya heshima kwa marehemu. Hakufanikiwa, akafariki mwaka 1926. Bastola ikabaki mikononi mwa Wajesuiti, vita vya pili vikapita, watu wakasahau. Ni mwaka 2004 tu, miaka 90 baada ya risasi zile, ndipo ilipopelekwa kwenye makumbusho haya.

Simlaumu Padre. Alikuwa na nia njema, kama watu wengi wanaoweka kumbukumbu. Lakini nilisimama mbele ya kioo nikiwaza kwamba kitu kilichoua baba na mama wa watoto watatu kiliweza kukaa kimya ndani ya nyumba ya watumishi wa Mungu kwa miaka mingi namna ile, kikiwa bado kinaitwa kumbukumbu.

Mpaka Ugogo

Mwenyeji wetu akanigeukia, akauliza, "Unajua kwa nini nilisema mna haki ya kuiona?" Nilijua. Wataalamu wa historia wanasema Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa na sababu nyingi zilizokuwa zimerundikana kama kuni kavu. Bastola hii ilikuwa njiti ya kiberiti. Tarehe 28 Julai 1914 Austria-Hungaria ilitangaza vita dhidi ya Serbia, na mataifa makubwa yakafuatana. Tarehe 8 Agosti meli ya kivita ya Waingereza ilipiga mizinga Dar es Salaam, kwa maana nchi yetu wakati ule ilikuwa koloni la Wajerumani. Hesabu mwenyewe, mama mwenzangu. Kutoka Sarajevo mpaka Dar es Salaam zilipita siku 41.

Vita hivyo vilipiganwa kwetu kwa miaka minne. Wapagazi waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza peke yake walikaribia milioni moja kwa jumla, na zaidi ya 95,000 walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo, tunakokwenda kununua vitenge, limetokana na kikosi hicho cha wapagazi.

Na sisi Wagogo tuna jina letu kwa msiba ule. Tunauita Mtunya. Majeshi yote mawili, la Wajerumani na la Waingereza, yalipita Ugogo yakachukua nafaka, ng'ombe na wanaume. Kisha mvua zikakosekana. Kati ya mwaka 1917 na 1920 inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa kwa njaa. Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana mdogo. Alituhadithia jinsi mama yake alivyokuwa akichemsha vipande vya ngozi, na jinsi ndugu zake wawili walivyolala usiku wasiamke. Hakujua Sarajevo ni wapi. Hakupata kusikia jina la Princip. Nilisimama Vienna kwa niaba yake, nikaitazama ile bastola isiyozidi kiganja na vidole vyangu, nikalia. Wenzangu walidhani namlilia Sophie, na kwa kweli huyo pia nilimlilia.

Sanduku la bati

Sasa nieleze ya nyumbani. Baba mkwe wangu alikuwa askari wa King's African Rifles, akapigana na Wajapani huko Burma mwaka 1944. Alirudi na medali, picha moja, na bastola ya ofisa wa Kijapani aliyoificha katika mzigo wake. Alipofariki mwaka 1991 vitu hivyo akakabidhiwa mume wangu. Bastola ilikaa kabatini, imefungwa katika kitambaa, chini ya mashuka.

Jumamosi moja ya mwaka 2019 nilirudi kutoka jumuiya nikasikia watoto wakicheka chumbani. Nilimkuta kitinda mimba wetu, wakati huo yuko darasa la tatu, amesimama juu ya stuli, amemwelekezea dada yake bastola ya babu yake kifuani, anasema, "Simama! Wewe ni adui!" Dada yake alikuwa ameinua mikono, anacheka. Miguu yangu iliishiwa nguvu.

Mume wangu aliporudi alinituliza. "Mama, usiwe na wasiwasi. Haina risasi. Ni kumbukumbu ya Baba." Akaihamishia katika sanduku la bati, akalitia kufuli. Ufunguo ukatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali ambapo kila mtoto wa nyumba ile alipajua. Nami nikanyamaza. Niliogopa nisionekane mke anayedharau urithi wa wakwe zake. Nilisali kila usiku Mungu awalinde watoto, na kila asubuhi nilipita mbele ya ule msumari.

Niliporudi kutoka Vienna nilingoja siku ambayo amepumzika, watoto wamelala. Nikamhadithia yote, gari, koti, wale watoto watatu, Padre na nia yake njema, na Mtunya. Alisikiliza, kisha akasema kwa uchungu, "Kwa hiyo unataka nitupe jasho la baba yangu?" Nikamjibu, "Hapana, Baba. Nataka nikuulize jambo moja tu. Ni nani amewahi kuifungua akaona kwamba haina risasi?"

Akakaa kimya. Mwishowe akasema, "Baba ndiye aliyesema." Na baba mkwe naye, kwa kadiri tulivyojua, aliikuta hivyo kwa ofisa aliyekufa.

Hakunijibu zaidi usiku ule, nami sikumsukuma. Mwaka huohuo Serikali ilitoa msamaha wa miezi miwili, kuanzia Septemba mosi hadi Oktoba 31, kwa wote watakaosalimisha kwa hiari silaha wanazozimiliki bila kibali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kila mwenye silaha awe na leseni, na kurithi si leseni. Wiki ya pili ya Septemba mume wangu, bila kuambiwa na mtu, alikwenda kituo cha polisi kueleza. Hakuibeba, alikwenda kwa maneno tu. Wakaja askari wawili nyumbani, wakaichukua kwa heshima, wakampa hati ya kupokea.

Mmoja wao alijaribu kuifungua pale pale uani, mdomo wake ameuelekeza kwenye rundo la mchanga. Haikufunguka. Kutu ilikuwa imeishika. Akasema itafunguliwa na wataalamu. Hatukurudi kuuliza, na mpaka leo hatujui kama ndani mlikuwa na risasi au hamkuwa na kitu. Miaka zaidi ya thelathini tulikuwa tukisema "haina risasi", na hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Katika sanduku la bati sasa mna medali ya baba mkwe na picha yake ya Burma, kijana mwembamba mwenye kofia. Kufuli tumeliondoa. Siku ya kumbukumbu ya marehemu watoto huvitoa, wakamwuliza baba yao habari za babu, naye huwahadithia, tena kirefu kuliko zamani.

Nabii Isaya aliona siku ambayo watu watazifua silaha zao ziwe vifaa vya kulimia. Mimi si mhunzi, wala si mtawala wa nchi yoyote. Lakini mimi ni mama wa nyumba, na nyumba moja nilikuwa nayo.

Akina mama wenzangu, pengine kwako pia kuna kitu cha namna hiyo, cha babu aliyekuwa askari, cha mjomba aliyekuwa mwindaji, gobori juu ya dari au bastola chini ya nguo. Usikiguse, wala usijaribu kukifungua mwenyewe. Waondoe watoto karibu nacho, zungumza na mwenzi wako kwa upole wakati moyo wake umetulia, na nendeni pamoja mkawaeleze polisi kabla ya kukisogeza. Na mtu akikwambia hakina risasi, mwulize ni nani aliyeangalia.